Shajara ya hema la kuoteshea mimea: hewa, joto na upepo katika chumba cha nyuma, Kibokoni, Mombasa

Tarehe 8 Februari

Hema limesimama. Lina mita 1 kwa mita 1 chini na kimo cha mita 1.8, nguzo zake ni za chuma chembamba, na kitambaa chake ni cheusi kwa nje na kinang'aa kama karatasi ya sigara kwa ndani. Nimeliweka katika chumba cha nyuma, ghorofa ya pili, chumba chenye dirisha moja linaloelekea upande inakotoka kaskazi, upepo wa kaskazini-mashariki, na mlango mmoja unaofunguka kwenye ngazi za nyumba. Juu ya mlango huo kuna tundu la mbao zilizochongwa nakshi, ambalo waliojenga nyumba hii waliliacha ili hewa ipite hata mlango ukiwa umefungwa. Nalitaja kwa ajili ya ramani ya chumba tu, kwa kuwa sidhani kama litanihusu.

Watu wameniuliza sababu ya kuotesha mimea gizani katika mji ambao jua haliadimiki. Sababu ni kunguru. Nimejaribu mara tatu kuotesha letusi na mrehani kwenye makopo juu ya paa, na mara zote tatu kunguru waliing'oa miche mmoja baada ya mwingine, wala hawakuila, bali waliilaza kando ya kopo kama mtu anayepanga vijiti vya kiberiti. Ile michache iliyookoka ilikaushwa ncha za majani na upepo wa chumvi.

Vifaa ni taa ya LED ya wati 100, feni ya kutolea hewa ya inchi 4 ambayo kibandiko chake kinasema husukuma mita za ujazo 190 kwa saa, bomba la foili linalonyumbuka la mita 3, feni ndogo ya kubana kwenye nguzo, na vipimajoto viwili vinavyosoma pia unyevu wa hewa. Feni ya kutolea nimeining'iniza juu kabisa, kwa kuwa hewa ya moto hupanda, na bomba lake nimelipeleka hadi dirishani. Matundu ya kuingizia hewa yako chini, nayo nimeyaziba kwa kipande cha chandarua ili wadudu wasipite.

Tarehe 10 Februari

Kabla ya kuweka mmea wowote nimetaka kujua feni inavuta hewa kiasi gani hasa, kwa maana kibandiko cha feni hupimwa feni ikiwa peke yake, bila bomba, bila kona na bila chandarua. Sina kifaa cha kupimia mwendo wa hewa, lakini ninacho kipimajoto, na hicho kinatosha. Taa ya wati 100 hugeuza karibu umeme wake wote kuwa joto ndani ya hema, ukiwemo ule unaoanza kama mwanga, na mita moja ya ujazo ya hewa huhitaji takriban jouli 1,200 ili ipande nyuzi moja. Kwa hiyo ukijua tofauti ya joto kati ya hewa inayoingia na inayotoka, unajua ni hewa kiasi gani iliyobeba joto hilo. Kipimo hiki hufaa hema likiwa tupu tu, kwa sababu mimea ikiwemo, sehemu ya joto huishia kugeuza maji kuwa mvuke na kipimajoto hakiioni.

Nimewasha taa na feni kwa saa mbili. Hewa iliyoingia ilikuwa na nyuzi 31, na iliyotoka ilikuwa na nyuzi 35.5. Hesabu inatoa mita za ujazo 67 kwa saa, yaani karibu theluthi moja ya kile kilichoandikwa kwenye kibandiko.

Ikumbukwe kwamba hema hili lina mita za ujazo 1.8 tu, kwa hiyo hata kwa mwendo huo hewa yote ndani yake hubadilika kila baada ya dakika moja na nusu au zaidi kidogo. Kanuni inayorudiwa na wengi ni kwamba hewa ya hema ibadilike mara moja kwa kila dakika moja hadi tatu, na kwa kanuni hiyo mimi nimefaulu, ilhali ndani kuna nyuzi 35.5. Kanuni ile huenda inawafaa watu wenye chumba cha nyuzi 22. Hapa kwetu hesabu ianze na wati za taa, si na ukubwa wa hema.

Tarehe 13 Februari

Nimelikata bomba kutoka mita 3 hadi mita 1, nikalivuta likanyooka na kuacha kona moja badala ya tatu. Bomba la foili likiachwa limejikunja, mikunjo yake ya ndani hukwaruza hewa na kuipunguza mwendo, jambo ambalo mtu halioni kwa macho kwa sababu kwa nje bomba linaonekana nene na pana.

Jambo la pili lilikuwa matundu ya chini. Feni ilipowaka, kuta za hema zilibonyea ndani kama mashavu ya mtu anayefyonza dafu kwa mrija. Kubonyea kidogo ni dalili njema, kwa maana hewa yote inapita njia uliyoitengeneza wala haivuji kwenye zipu, lakini kuta zangu zilikuwa zimebonyea mpaka nguzo zikapinda, ishara kwamba feni inaomba hewa na hewa haipati pa kupitia. Tundu la feni lina kipenyo cha sentimita 10, na mimi nilikuwa nimefungua tundu moja la chini lenye ukubwa huohuo, tena lenye chandarua, ambacho nyuzi zake huziba sehemu kubwa ya nafasi. Nimefungua matundu matatu. Kuta zimelegea, zimebaki na kibonyeo kidogo tu.

Kipimo cha leo: hewa inayoingia 31, inayotoka 33.4. Hiyo ni karibu mita za ujazo 125 kwa saa, kwa feni ileile na bila kuongeza senti.

Tarehe 20 Februari

Mbegu za mrehani zimeota kwa siku nne. Za letusi zimekataa, nami nilitarajia hivyo, kwa sababu mbegu za letusi hulala usingizi udongo ukizidi nyuzi 30 hivi. Nimeweka nyingine kwenye karatasi yenye maji ndani ya friji kwa siku mbili, kisha nikazitoa na kuzipanda jioni. Zimechomoza.

Tarehe 3 Machi

Hema linachoka na joto. Jana saa tisa alasiri kipimajoto cha ndani kilisoma 38, na cha chumbani kilisoma 34, wakati nje kwenye kivuli cha ngazi kulikuwa na 31.5. Miche ya letusi imelegea kama kitambaa kilicholowa. Nimeisafisha feni, nikaangalia bomba, nikapima tena tofauti ya hewa inayoingia na inayotoka, na hesabu, hata kama si kamili mimea ikiwemo, inaonyesha kwamba kwa mchana huo ilikuwa ikivuta hewa kidogo kuliko mwezi uliopita.

Kuna kitu kingine ambacho sikielewi. Nikisoma kumbukumbu za wiki nzima naona siku ambazo chumba hakikupita nyuzi 32, na siku nyingine ambazo kimepanda ghafla katikati ya mchana na kushuka ghafla jioni, bila jua kuwa kali zaidi. Nimemuuliza mama kama kuna kitu hubadilika katika chumba nikiwa kazini. Akasema hakuna, isipokuwa akitaka kupumzika baada ya sala ya adhuhuri huufunga mlango, kwa sababu ile mashine yangu yavuma kama nyuki.

Tarehe 6 Machi

Leo ni usiku wa kuamkia Ijumaa, na kama kawaida mama amezunguka nyumba nzima na chetezo cha udi. Alipoingia chumba cha nyuma nilikuwa nimechuchumaa mbele ya hema. Alikiweka chetezo sakafuni, karibu na matundu ya chini, akaurudisha mlango nyuma yake kwa mazoea. Moshi ulienda moja kwa moja kwenye matundu, ukaingia kwa utaratibu kama uzi unaovutwa, na baada ya muda mfupi ukaanza kutoka kwenye mdomo wa bomba dirishani. Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo vipimajoto viwili havikuniambia kwa mwezi mzima. Moshi ulitoka nje kama kiganja kimoja, ukasimama, ukapinda, kisha ukaingia tena chumbani kupitia nusu ya juu ya dirisha lilelile, ukashuka ukutani na kuelekea chini, kwenye matundu ya hema.

Mama aliutazama, akacheka. "Wautoa kwa dirisha, nao warudi kwa dirisha," akasema. "Kaskazi yavuma, mwanangu. Watema mate mbele ya upepo?"

Niliomba aniachie chetezo. Nilifungua mlango, na moshi uliokuwa ukizunguka dirishani ukabadili mwendo, ukavuka chumba kwa juu na kupotelea kwenye ngazi. Nikaufunga, ukarudi kuzunguka. Nikaufungua tena. Nadhani nilifanya hivyo mara kumi, mpaka makaa yakazimika.

Maelezo yake ni mepesi, na inanikera kwamba sikuyafikiria. Dirisha langu limekabili kaskazi, ambayo huvuma kutoka kaskazini-mashariki kuanzia mwisho wa mwaka hadi Machi. Upande wa nyumba unaopigwa na upepo huwa na msukumo wa hewa kuingia ndani, na feni ya inchi 4 haina nguvu ya kushindana na msukumo huo, kwa hiyo kwanza inapoteza sehemu ya mwendo wake, na pili ile hewa ya moto inayofanikiwa kuitoa hurudishwa. Mlango ukiwa wazi, upepo hupita chumbani na kutokea kwenye ngazi, nao huikokota hewa hiyo ya moto. Mlango ukifungwa, chumba hugeuka kuwa chupa yenye mdomo mmoja. Nilikuwa nikilipima hema kana kwamba liko peke yake ulimwenguni, wakati lenyewe linavuta pumzi ya chumba, na chumba kilikuwa kikivuta pumzi ya hema.

Tarehe 9 Machi

Nimeligeuza bomba. Sasa halielekei dirishani bali juu ya mlango, kwenye lile tundu la nakshi ambalo tarehe 8 Februari niliandika kuwa halitanihusu. Nimekata kadibodi kwa umbo la tundu, nikaitoboa duara la bomba, na nikaiacha nusu ya nakshi wazi ili hewa ya chumba nayo ipite. Ngazi za nyumba hii hupanda hadi mlango wa paa, ambao mchana huwa wazi, kwa hiyo hewa ya moto inayotupwa pale hupanda yenyewe kama moshi wa jikoni kwenye dohani. Dirisha limebaki kuwa njia ya kuingilia tu, na upepo uliokuwa adui sasa unaisukumia feni hewa.

Saa tisa alasiri, mlango ukiwa umefungwa kabisa: nje 31.5, chumbani 32, ndani ya hema 33.5. Sijabadilisha feni wala taa.

Tarehe 12 Machi

Nyuzi 33.5 bado ni nyingi kwa letusi. Lakini feni haiwezi kufanya hema liwe na ubaridi kuliko hewa inayoivuta, na hewa ya Mombasa mwezi wa Machi ndiyo hiyo. Kinachobaki ni kuchagua saa. Nimeweka taa iwake saa 12 jioni na kuzima saa 2 asubuhi, saa kumi na nne kamili, ili joto la taa liangukie usiku na giza la mimea liangukie mchana wakati wa jua kali.

Mpango huu una faida nyingine ambayo naona ni kubwa kuliko ya kwanza. Usiku ndio wakati unyevu wa hewa ya pwani hupanda. Hewa ya nyuzi 28 yenye unyevu wa asilimia 85, ikipashwa moto hadi nyuzi 31 bila kuongezewa maji, unyevu wake hushuka hadi asilimia 71 hivi, kwa kuwa hewa ya moto hubeba mvuke mwingi zaidi kabla ya kushiba. Taa inayowaka usiku inaikausha hewa wakati inapohitaji kukaushwa. Mimea yenyewe huongeza mvuke wake, ndiyo, lakini feni inauondoa.

Tarehe 25 Machi

Letusi tano kati ya nane zina kingo za kahawia. Si majani ya nje yanayoguswa na kila kitu, bali yale madogo ya katikati, ambayo bado yamejikunja. Nimelifungua moja kwa kucha: jani lina urefu wa sentimita mbili, kijani kibichi hadi ukingoni, kisha uzi mweusi kama lililopitishwa juu ya mshumaa. Dhana yangu ya kwanza ilikuwa mbolea, na nilikaribia kununua nyingine.

Ugonjwa huu ni wa madini ya kalisi (kalsiamu) kutofika jani changa, na mara nyingi kalisi huwa ipo tele kwenye udongo. Kalisi husafiri na maji, na maji hupanda pale jani linapotoa mvuke. Majani ya katikati yamefunikwa na wenzao, hewa iliyowazunguka imetulia na imejaa unyevu, kwa hiyo hayatoi mvuke wa kutosha na hayavuti maji. Feni ya kutolea haiwezi kulitatua hili, kwa sababu yenyewe hubadilisha hewa ya hema, haiitikisi hewa iliyokwama katikati ya mmea. Kazi hiyo ni ya ile feni ndogo, ambayo mimi nilikuwa nimeibana chini ikipuliza makopo.

Nimeipandisha juu, nikaielekeza ukutani ili upepo wake ugonge kitambaa na kushukia mimea kutoka juu, si kuipiga mbavuni. Kipimo ninachotumia ni jani lenyewe: likitikisika kidogo kama jani la mnazi wakati wa alasiri tulivu, inatosha. Likipigapiga, ni nyingi mno, na mmea utapoteza maji kuliko mizizi inavyoweza kuleta. Mrehani, ambao una shina gumu, unastahimili zaidi, na tangu nigeuze feni shina zake zimenenepa.

Tarehe 7 Aprili

Majani mapya ya letusi hayana kingo za kahawia. Mawili ya zamani yaliyoungua nimeyala, ladha yake ni chungu kidogo, na uchungu huo nadhani ni wa joto la Machi.

Tarehe 2 Mei

Masika imeingia kwa nguvu zake. Usiku wa tarehe 29 stima ilikatika kwa saa tano, nami nilikuwa nimelala. Nilipoamka asubuhi taa na feni zilikuwa zimerudi, lakini kumbukumbu ya kipimajoto ilionyesha kwamba unyevu ulifika asilimia 97, na ndani ya kitambaa matone yalikuwa yamejipanga kama jasho. Leo majani manne ya mrehani yana madoa ya njano kwa juu, na nikiyapindua naona unga wa kijivu. Huyo ni ukungu, na ukungu huu huhitaji majani yaliyolowa usiku. Nimeyakata, pamoja na shina zima lililokuwa jirani, nikayatoa nje ya nyumba.

Nimebadili mambo mawili. Kwanza, ninamwagilia asubuhi taa ikikaribia kuzima, na kidogo tu, badala ya jioni. Pili, feni ndogo inatumia volti 12, kwa hiyo nimeiunganisha na betri ya pikipiki iliyokuwa chini ya kitanda, ambayo huchajiwa na stima ikiwepo. Feni kubwa siwezi kuihudumia kwa betri hiyo. Kwa hivyo stima ikikatika nitafungua zipu ya mbele yote, na nikiwa sipo, mama amekubali kuifungua, kwa sharti kwamba majani ya mrehani ya Ijumaa ya kutungia vikuba, vile vishada vya kunukia, yatoke humu wala si sokoni.

Tarehe 16 Mei

Feni ya kutolea imeanza kulia. Nilimpelekea fundi mmoja wa mtaani, akaizungusha kwa kidole, akaileta sikioni, akaifungua. Beringi ilikuwa na kutu ya rangi ya manjano, na kwenye mapanga kulikuwa na utando mweupe ambao nilidhani ni vumbi mpaka nilipouonja ukawa chumvi. "Hii si feni mbovu, kaka," akaniambia. "Hii ni feni ya pwani." Ameweka beringi iliyofunikwa pande zote mbili, na akanishauri nifute mapanga kwa kitambaa chenye maji yasiyo na chumvi kila mwezi. Nimeongeza jambo hilo kwenye ratiba, pamoja na kuosha vipande vya chandarua vya matundu ya chini, ambavyo nilivikuta vimeziba kwa nyuzinyuzi za pamba na vumbi kiasi kwamba kuta za hema zilikuwa zimeanza tena kubonyea bila mimi kuona.

Tarehe 8 Juni

Kwa wiki kadhaa za tangambili, kipindi ambacho pepo hubadilishana, upepo haukuwa na msimamo, na vipimo vyangu navyo havikuwa na msimamo. Sasa kusi, upepo wa kutoka kusini, imekaa. Nimerudia jaribio la udi, safari hii kwa makusudi, na moshi umeniambia kwamba mambo yamegeuka: hewa inashuka kwenye ngazi kutoka mlango wa paa, inapita kwenye nakshi na kuingia chumbani, kisha inatoka dirishani. Dirisha, ambalo lilikuwa upande wa kupigwa na upepo, sasa liko upande wa mgongo wa nyumba, na upande huo upepo hunyonya badala ya kusukuma. Bomba langu juu ya mlango lilikuwa linapuliza hewa ya moto kinyume cha mkondo, na kwa siku tatu chumba kilisoma nyuzi 30 wakati nje ni 27.

Nimelirudisha bomba dirishani, mahali palepale pa mwezi wa Februari. Saa tisa alasiri: nje 27, chumbani 27.5. Saa nne usiku, taa ikiwa imewaka kwa saa nne: ndani ya hema 27.8, unyevu asilimia 70. Letusi zimefunga vichwa. Kadibodi ya tundu la nakshi nimeipigia mstari wa kalamu kuonyesha upande wa juu, nimeandika nyuma yake "Desemba", na nimeichomeka nyuma ya kabati.